Mwaka Tulioenda Kuchimba Okidi

Binti yangu Chanda aliuma kipande, akatafuna taratibu, akauliza kwa Kiingereza kama ile ni polony, soseji nene ya kukatwa vipande. Meza nzima ilicheka. Maman Odette alicheka mpaka akashika ukingo wa meza asianguke. Alikuwa ameshuka ndege kutoka Lubumbashi asubuhi ile, na bado alikuwa na soksi za safari miguuni. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Amezeeka kwa namna inayompendeza, mashavu yamejaa, na ndani ya begi lake, chini ya vitenge, alikuwa amefunga unga wa rangi ya udongo katika mifuko ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Yeye huuita kikanda. Wazambia, akiwamo mume wangu Mutale, huuita chikanda. Tuliupika jioni hiyo hiyo kwa karanga zilizotwangwa, pilipili na magadi, tukauacha ugande sufuriani, kisha tukaukata vipande kama mkate. "Siyo nyama," nilimwambia Chanda. "Ni viazi vya maua ya okidi." Chanda ana okidi kwenye chungu ofisini kwake, zawadi ya mkubwa wake wa kazi, na huinywesha maji kwa kijiko. Alikiweka kipande chini, akamtazama baba yake. Mutale aliendelea kula, hakuwa na habari.

"Muambie ile mambo ya Tannie," Maman Odette alisema. "Mwana hajue kitu." Ni kweli, mwanangu hajui. Nilijaribu kumsimulia usiku ule, lakini kila nilipofika mahali patamu, Mutale alinikatiza kunisahihisha na Odette alimkatiza Mutale, kwa hiyo nimeona niandike mwenyewe, nikiwa peke yangu jikoni, mahali ambapo hakuna wa kunibishia. Jinsi nilivyofika Johannesburg kutoka Muheza, nani alinipokea na nani alijifanya hayupo nyumbani, hayo nayaruka. Naanza na chumba.

Kilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya Maman Odette, Yeoville, ukuta mmoja na jiko lake. Zamani kilikuwa stoo ya vyakula, na rafu zilikuwa bado zimo ukutani, kwa hiyo nguo zangu nilizipanga mahali palipokuwa pa sukari na mchele. Kitanda kiliingia baada ya kukatwa miguu. Harufu ya sombe, yaani kisamvu cha kwao, na dagaa iliingia bila hodi, na maneno pia. Odette alisuka nywele barazani, na mvua ilipokuja, kama inavyokuja Johannesburg wakati wa kiangazi chao, radi kwanza halafu maji kama ya kumwagwa, wateja wote walihamia jikoni. Mimi nililala nikisikiliza nani ameachwa, nani amepata makaratasi, nani amerudi kwao na viatu vya nani. Walizungumza Kiswahili cha kwao, kikichanganyika na Kifaransa na Kibemba, na nilipojaribu kuchangia kupitia ukutani, walicheka. "Tanzanie!" Odette alipaza sauti. "Weye unasema sawa redio!" Jina hilo lilinishika. Mpaka leo hajawahi kuniita Felista hata siku moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nashona majoho ya kanisa na sare za shule katika duka la fundi mmoja kwenye barabara ya Rockey. Mutale alikuja pale na suruali, akataka ipunguzwe kiuno. Wiki iliyofuata akairudisha, akataka iongezwe. Wiki ya tatu nikamwambia, kaka, suruali hii imechoka, kama unataka kuzungumza na mimi sema. Alikuwa mchoraji wa ramani za migodi katika ofisi moja ya Marshalltown, mtu wa kuchora mistari iliyonyooka siku nzima, na alikuwa na aibu mpaka masikio yanabadilika rangi. Tulizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili alichokiokota kwa Wakongo wa kwao Kitwe. Anasema hakurudisha suruali ile mara ya tatu. Alirudisha.

Shida ilikuwa shangazi yake. Mutale alilelewa na dada wa baba yake, ambaye alimwita Mayosenge, yaani shangazi tu kwa Kibemba, na hakuwa na mtu mwingine wa kuomba ruhusa. Siku alipompigia kutoka kwenye kontena la simu, mimi nilisimama nje, na sauti ya yule mama ilitoka kwenye mkono wa simu kana kwamba yumo ndani ya kontena. Sikuelewa neno ila moja, "Tanzania", na alilitaja mara nyingi mno kuwa sifa. Mutale alitoka akiwa amelowa jasho. "Atakuja mwezi wa pili," aliniambia. "Anataka aone moto wako."

Odette ndiye aliyenieleza maana yake, maana kwao ng'ambo ya mpaka Wabemba wana mila hiyo hiyo. Kabla ya ndoa, upande wa mwanamke hupika vyakula vyote vya kwao na kuvipeleka kwa upande wa mwanamume, sufuria moja baada ya nyingine. Ni kumwonyesha moto. Wakifunua na kula, mke amepokewa. Wasipokula, kila mtu anabeba sufuria zake na kwenda nyumbani. Odette alijiteua kuwa mama yangu papo hapo, hakuniuliza. "Utapika byakula bya kwenu, nitapika bya kwetu," alisema. "Lakini kikanda lazima. Ile mama anauza kikanda ku soko ya Kitwe, ni kazi yake ya maisha. Asipoona kikanda pale, hatafunula hata sufuria moja."

Na mwaka ule kikanda hakikuwapo. Kwa kawaida kilikuja na akina mama wa mabasi, kutoka Lubumbashi mpaka Yeoville, kikipita mipaka chini ya viti. Mvua zilikuwa zimekata njia, mabasi yakakwama, na waliofika walifika na nguo tu. Odette alizunguka soko lote. Alikwenda mpaka Mayfair kuwauliza Wasomali, ambao walimpa ndimu na kumtakia heri. Mimi binti wa pwani nilikuwa sijawahi kukiona chakula chenyewe, na sasa ndoa yangu ilikuwa inakingoja. Nilicheka mbele za watu, lakini nikiwa peke yangu niliogopa sana. Nilimpenda yule kijana wa mistari iliyonyooka na nilijua hataweza kumkaidi aliyemlea, wala nisingependa aweze.

Sasa nije kwenye uwanda wenyewe. Kanisa la Odette lilikuwa na desturi ya kwenda nje ya jiji kufunga na kusali, kama wafanyavyo makanisa mengi hapa, watu wenye majoho meupe juu ya vilima na kando ya barabara kuu. Jumapili moja ya mwezi wa kwanza tulishushwa upande wa Walkerville, kusini, mahali penye ploti kubwa na nyumba chache, tukapita uzio uliolala, tukaingia kwenye nyasi zilizotufika magotini. Ardhi ilikuwa na unyevu, chemchemi inapita chini kwa chini. Tukapiga magoti. Kiongozi akaanza kukemea, sisi tukafumba macho, na mimi nilikuwa namwomba Mungu kikanda, nasema ukweli, namwomba kwa jina lake kabisa, ndipo nikasikia sauti ya Odette kando yangu inakatika katikati ya sentensi. Odette hakatiki akisali. Nikafungua jicho moja. Alikuwa ameinama mpaka pua inagusa nyasi.

"Tanzanie," alinong'ona. "Angalia."

Niliona maua. Mashada membamba yamesimama wima katikati ya nyasi, waridi hafifu, kila shada na vijiua vingi vidogo vyenye mikia miwili nyuma. Mengine yalikuwa ya kijani na meupe, yenye miguu kama buibui. Ukishaona moja, unaanza kuona mengine, na mengine, mpaka unagundua umepiga magoti katikati yao na hujui uondokee wapi. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nilisahau kabisa kuomba.

"Ni kikanda," Odette alisema, machozi yanamtoka. "Nilichimba na bibi yangu, majani yake najua. Njo kikanda yenyewe! Mungu anajibu mbiombio hivi?"

Wakati wengine wanaendelea kukemea, sisi wawili tulitambaa kwa magoti kutoka ua hadi ua, na hivyo ndivyo mwenye ardhi alivyotukuta. Alikuwa mama wa Kikaburu mzee, gauni la maua madogo, buti za mpira, mbwa wawili wanene nyuma yake. Nilijua tumekwisha. Lakini alisimama, akatuangalia tulivyopiga magoti mbele ya maua yake, nyuso zetu chini, Odette akilia, na uso wake ukabadilika. "Mnazipenda?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, tena sana. Akaweka mkono kifuani. Alitaka tumwite Tannie Bets, yaani shangazi Bets kwa lugha yao, kama watu wote wanavyomwita, akaenda nyumbani kwa mwendo wa kuchechemea, akarudi na birika la chai na zile biskuti ngumu za kwao zinazolowekwa.

Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza kuliko wenzangu, kwa hiyo nilitafsiri, na naapa nilitafsiri kwa uaminifu. Tannie alisema tangu mumewe afariki, kazi yake ni uwanda huu. Hakati nyasi mpaka mbegu zidondoke. "Bien sûr!" alisema Odette. "Asipoacha mbegu, mwaka ile ingine atapata nini?" Tannie alisema majirani wanamwambia alime mahindi au auze, wanamuuliza maua haya yana faida gani. Odette alipiga paja kwa kicheko. "Faida gani! Muambie sisi tunajua faida yake." Nikamwambia. Tannie akaushika mkono wa Odette kwa mikono yake miwili, hakuuachia. Alisema amengoja miaka apate watu wa kumwelewa, na kwamba tunakaribishwa Jumamosi yoyote. Tuliporudi kwenye taksi, Odette alikuwa ameshapanga kila kitu. "Ile muzungu iko na roho ya mulimaji," alisema. "Analima kikanda, na anatupa." Mimi niliamini. Kwangu mtu anayelinda shamba namna ile, hakati mpaka mbegu zidondoke, alikuwa mkulima tu, angekuwa nani tena?

Jumamosi tulikwenda watatu, mimi, Odette na Mutale, tukiwa na jembe fupi na gunia jipya. Tannie alikuwa ametandika kitambaa cha meza pembeni ya uwanda, juu yake keki ya maziwa na vikombe vya maua. Alikuwa amevaa hereni. Hilo la hereni ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndilo linalonichekesha pia. Wakati anamimina maziwa, Odette aliinama kwenye ua la karibu, akapiga jembe mara moja kwa ustadi, akang'oa, akakung'uta udongo, akamnyanyulia mwenye shamba ili aone lilivyozaa vizuri. Alikuwa anatabasamu meno yote. Alikuwa anamsifu.

Tannie Bets alipiga ukelele ambao mbwa wenyewe walijificha chini ya meza. Birika lilianguka. Odette naye akapiga ukelele, akidhani ameona nyoka. Mutale alisimama katikati akiwa ameshika gunia, akasema "eish" kwa sauti ndogo. Ilinibidi mimi niseme. Nilimweleza yule mama kwamba kwetu, au tuseme kwao, hiki ni chakula, kwamba ni chakula cha heshima, na kwamba ni cha harusi yangu. Nilitaja neno harusi nikitumaini litasaidia. Tannie alikaa kwenye nyasi na hereni zake. "Mnazila?" aliuliza. "Hizi? Mnazila?" Alirudia hivyo mara kadhaa, akiniangalia mimi na kuangalia keki.

Alipotulia alimwomba Odette lile ua, akatuonyesha shina lake. Palikuwa na viazi viwili vidogo, kimoja cheusi kilichosinyaa, kingine cheupe kigumu. Cheusi ndicho kilicholisha ua la mwaka huu, alisema. Cheupe ni cha mwakani. "Ukila hiki, mwakani hakuna kitu hapa." Odette alisikiliza tafsiri yangu amekunja uso. Yeye alijua cheupe ndicho kitamu na cheusi ni cha kutupa, bibi yake alimfundisha hivyo. Hata hivyo Odette alilirudisha ua kwenye shimo lake mwenyewe, akashindilia udongo kwa viganja, akamwagia maji ya kunywa yaliyobaki. Halafu wote wawili wakanuna. Hukumu ya Tannie ilikuwa fupi: tuje kutazama wakati wowote tunaotaka, mikono mifukoni, lakini hakuna hata kiazi kimoja kitakachotoka. Odette aliongea njia nzima kurudi Yeoville. "Anachunga chakula sawa picha ya ukuta," alisema. Keki, hata hivyo, alikuwa ameifunga kwenye leso.

Mimi nilirudi Jumamosi iliyofuata, nikamshonea Tannie mapazia ya jiko kama namna ya kuomba radhi. Nikarudi tena na iliyofuata. Mutale alikuja na karatasi zake, akachora ramani ya uwanda, kila shada mahali pake, kwa mistari iliyonyooka. Tulikaa kwenye nyasi mpaka mawingu ya mchana yalipokusanyika, Tannie akatuonyesha ua moja linalonukia jioni tu, na lingine ambalo alilingoja misimu mingi kabla halijakubali kufungua. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali bila kazi mkononi. Kwetu mtu anayekaa na kutazama ua huulizwa kama anaumwa. Pale nilijifunza kutazama, na nilijifunza nikiwa kando ya kijana niliyempenda, na nilikuwa na furaha ambayo hata leo nikiifikiria mwili unachangamka. Siku moja Mutale alisema, bila kuniangalia, kwamba viazi kumi tu vingetosha sufuria ndogo na Tannie asingejua. Nikamuuliza kama amechora ramani ile ili aibie. Masikio yakabadilika rangi, na hatukulizungumza tena.

Mayosenge alifika kwa basi mwanzoni mwa mwezi wa pili. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, kitambaa kichwani kimefungwa kwa kukaza, viatu vya ngozi vya kiume. Mizigo yake ilikuwa unga wake wa mahindi, dagaa wake, chumvi yake na sufuria yake. Chikanda hakuleta hata punje. Alimsalimia Odette kwa Kibemba kirefu, akaniangalia mimi kuanzia miguuni, akasema jambo. "Anasema umefika," Odette alitafsiri, ingawa aliyefika ni yeye. Kwa siku tatu alikaa jikoni kwa Odette, upande wa pili wa ukuta wangu, akapika chakula chake na kula chakula chake. Nilimwandalia chai, akasema amekunywa. Nilimpelekea chapati, akazisogeza kwa kidole upande wa Odette. Neno lake kwangu lilipita kwa Odette na langu kwake lilipita kwa Odette, na Odette alipunguza pilipili njiani kote.

Lakini mimi na Odette tulizungumza. Kwa kuwa mgeni hakujua Kiswahili, tulijiachia mbele yake. "Muuza chikanda kaja mikono mitupu," nilisema nikikuna nazi. "Huo si mtihani, huo ni uchoyo." Odette alisema wa namna ile wako wengi Kasumbalesa mpakani, wanakusanya ushuru wa kutazamwa. Nilisema viatu vile Mutale angeweza kuvivaa. Nilisema pia, na hili nililisema kwa hasira maana chapati zangu zilikuwa zimerudi, kwamba akikataa akatae, lakini mwanawe harudi naye Kitwe, labda ambebe mgongoni. Mayosenge alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua hata jicho.

Usiku wa kuamkia siku ya moto nilimwambia Odette ukweli wangu. Kikanda hatuna na hatutapata. Tusimfunulie masufuria yenye pengo akalikalia. Tumpeleke akakione kikiwa hai. Odette alinishika kichwa kuona kama nina homa. "Unapeleka muuza kikanda ku shamba ya ile muzungu? Atangoa yote! Tannie atakufa!" Lakini sikuwa na kitu kingine cha kumwonyesha yule mama ambacho ni changu mimi, siyo cha Odette, siyo cha Mutale. Asubuhi nilifunga kwenye kikapu kuku wa kupaka niliyempika kwa tui la Mayfair, na chapati, nikampigia simu Tannie. Nilimwambia anayekuja ni nani na anafanya kazi gani. "Mikono mifukoni," alijibu.

Tulifika wanne, Mutale akiwamo, jua likiwa limepanda na nyasi bado zina umande. Mayosenge alitembea nyuma yangu akilalamika kwa Kibemba, viatu vyake vikizama kwenye unyevu. Nilisimama pale mashada yalipokuwa mengi kuliko pote, nikasogea kando apite. Alitazama huku na huku, akauliza jambo. Odette akamjibu. Akauliza tena kwa sauti kali, na Odette akamjibu vile vile, akionyesha chini. "Hakubali," Odette aliniambia. "Anasema kikanda ni ya kahawia."

Ndipo nilipoelewa. Yule mama alikuwa ameshika viazi vile maisha yake yote, kama mama yake kabla yake, lakini vilimfikia vikiwa vimekauka ndani ya magunia, vimechimbwa mbali, maua yakiwa yameshaanguka. Alikuwa hajawahi kuona ua lake. Alichuchumaa kwa shida. Alitaka kunyoosha mkono, akamwona Tannie amesimama kando ya mbwa wake, akauingiza mkono ndani ya kitenge. Akainamisha uso tu. Vijiua vile viligusa shavu lake, na alibaki hivyo, mwanamke mkubwa amefumba macho kwenye nyasi, mpaka mbwa mmoja wa Tannie akaja kumnusa.

Tannie aliniambia nimuulize magunia yanatoka wapi. Swali likapita kwangu, likapita kwa Odette. Mayosenge alijibu bila kuinuka. Zamani yalitoka karibu, nyuma ya mji. Baadaye yakatoka ng'ambo ya mto. Siku hizi yanakuja na malori kutoka Tanzania, milimani, mbali sana. Alipofika hapo aliniangalia, na sikujua kama nashutumiwa au naombwa msamaha. Tannie alikwenda nyumbani akichechemea, nikadhani amekasirika, lakini alirudi anakokota kiti cha plastiki, akakiweka nyuma ya Mayosenge, akajiletea na chake. Wakakaa. Mmoja aliyachunga maua yale na mwingine aliyauza, na hawakuwa na lugha moja ya kugombania. Mutale alisimama mbali akitafuna unyasi. Odette alisali, macho wazi safari hii. Mimi nilishika kikapu changu na sikuwa na la kufanya tena. Nilikuwa nimeshaonyesha nilichonacho.

Upepo ulipita juu ya uwanda, maua yakainama na kusimama. Mayosenge aligeuka kwenye kiti chake. Hakumtazama Odette. Alinitazama mimi.

"Weye mwana," alisema kwa Kiswahili, kile kile cha Odette, laini kabisa. "Niko na njala. Fungula kikapo, tukule."

Odette aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilibaki nimesimama, na yote niliyoyasema jikoni kwa siku tatu yalianza kunirudia moja moja: uchoyo, viatu, mgongoni. Soko lake lilikuwa njiani kwenda mpakani. Wateja wake nusu walikuwa Wakongo. Mtu gani anauza chikanda miaka yote hiyo asijue Kiswahili? Mutale, mpumbavu yule, alijua muda wote na hakuona haja ya kuniambia, na anasema hakuulizwa. Nilipiga magoti kwenye nyasi, nikafungua kikapu, nikamkatia chapati, nikamwekea paja la kuku. Alikula. Alikula la kwanza akaomba la pili, akamkatia Tannie na yeye kipande. Odette akaanza vigelegele vilivyowaamsha kunguru wa Walkerville yote, na Tannie, aliyekuwa haelewi chochote, akapiga makofi.

"Chumvi kidogo," Mayosenge aliniambia, akijilamba kidole. "Mutale anapenda chumvi. Nitakufundisha."